Kabla ya Kuvaa Miwani: Historia Fupi ya Kuruka Bila Kuondoka Ardhini



Desemba iliyopita nilikuwa nyumbani Sola, wilayani Maswa, mkoani Simiyu. Jioni moja mpwa wangu, kijana anayesomea ufundi wa umeme jijini Mwanza, alinikalisha kwenye kiti cha plastiki sebuleni kwa mama, akanivika miwani ya uhalisia pepe aliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika, akanishikisha kijiti cha kuongozea ndege na kuniambia, "Mjomba, tulia. Tunaruka kutoka Mwanza."

Sebule ikapotea. Nilijikuta nimeketi ndani ya Cessna 172. Nilipogeuza shingo niliona bawa juu ya dirisha. Nilipoinamisha kichwa niliona vipimo vya mwendo na mwinuko mbele ya magoti yangu. Tuliliacha ziwa nyuma, tukaelekea kusini-mashariki kwa muda wa dakika arobaini hivi. Vilima vya mawe vya Usukuma vilikuwa mahali pake. Bwawa la New Sola, ambalo mji wa Maswa unalitegemea kwa maji, nililitambua tungali mbali. Lakini kadiri tulivyoshuka, nchi niliyoijua ilianza kuniponyoka. Nje ya nyumba mvua zilikuwa zimeanza na watu walikuwa mashambani wakipanda pamba. Ndani ya miwani ardhi ilikuwa kavu, yenye rangi ya kahawia, kama ya mwezi wa tisa. Nyumba zote zilikuwa na mapaa ya namna moja yasiyofanana na ya kwetu. Nyumba ya mama haikuwepo kabisa.

Mama naye alitaka kuona. Alitazama kwa muda, kisha akauliza, "Ng'ombe wako wapi?" Mpwa wangu akacheka, akamjibu, "Bibi, hawajawekwa." Mama akaivua miwani, na bila kucheka akauliza tena, "Nani alitakiwa kuwaweka?"

Mchezo huo ulikuwa na jambo nyuma yake. Kijana alikuwa ameiomba familia iuze sehemu ya ng'ombe ili aache ufundi wa umeme na kwenda kusomea urubani nje ya nchi. Hoja yake ilikuwa kwamba kwa miezi minane ya kurusha ndege kwa miwani hiyo, nusu ya kazi alikuwa ameshaimaliza. Kikao cha ukoo kilipangwa kufanyika baada ya mwaka mpya, nami, kwa kuwa ndiye nionekanaye kuwa msomi, nilitakiwa kutoa neno. Makala haya ni maandalizi ya neno hilo. Hoja yangu ni moja. Mashine ya kuigiza urukaji, ambayo kwa urahisi nitaiita simuleta, hujua kile tu ilichoambiwa. Na historia yake, hapa kwetu na kwingineko, ni historia ya nani alichagua nini kiwekwe, na nani alilipa gharama ya kile kilichoachwa.

Sanduku la mtoto wa fundi vinanda

Tuanze na mtu ambaye, kama mpwa wangu, alipenda kuruka lakini masomo yalikuwa ghali kwake. Edwin Link alizaliwa Marekani mwaka 1904. Baba yake alikuwa na kiwanda cha piano na vinanda mjini Binghamton, jimbo la New York. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Link alichukua vifaa alivyovizoea kiwandani, yaani pampu za hewa na mivukuto isiyo mbali sana na ile ya wahunzi wetu, akavitumia kuinamisha na kugeuza kisanduku chenye umbo la ndege ndogo. Mwanafunzi aliketi ndani, akasogeza usukani, na kisanduku kikamtii.

Kwanza watu walikiona kuwa kitu cha kuchezea, na baadhi ya visanduku vilinunuliwa na wenye viwanja vya burudani. Mwaka 1934 mambo yalibadilika. Jeshi la anga la Marekani lilipewa kazi ya kusafirisha barua, na ndani ya wiki chache marubani kadhaa walikufa kwa sababu hawakuwa wamezoea kuruka usiku na mawinguni. Jeshi likanunua simuleta sita za Link. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, zaidi ya wanaanga nusu milioni walifundishwa kwa vifaa hivyo.

Kuna mambo mawili katika kisanduku hicho ambayo wapenzi wa miwani ya leo huyasahau. La kwanza, kilikuwa na mfuniko. Mwanafunzi alifungiwa gizani ili asione chochote isipokuwa vipimo vilivyokuwa mbele yake. Mtu akiwa mawinguni, sikio lake la ndani humdanganya: hudhani ndege imenyooka kumbe inageuka, hudhani inapanda kumbe inashuka. Kisanduku kilimfundisha kutoamini hisia za mwili wake. La pili, nje ya kisanduku alikaa mwalimu, akiwa na ramani mezani na kalamu iliyojichora yenyewe kuonyesha njia ya mwanafunzi. Mwanafunzi alipotoka gizani alikutana na mtu aliyemwonyesha mahali alipopotea. Simuleta ilizaliwa ikiwa sanduku na mwalimu pamoja.

Kutoka maabara hadi sebuleni

Mwaka 1968 Ivan Sutherland, mwanasayansi wa kompyuta wa Marekani, alitengeneza kifaa cha kuvaliwa kichwani kilichoonyesha michoro iliyobadilika kadiri mvaaji alivyogeuza kichwa. Kilikuwa kizito kiasi cha kuning'inizwa kutoka darini. Mwaka huohuo, yeye na David Evans walianzisha kampuni ambayo baadaye ilijipatia jina kwa kutengeneza picha za simuleta za marubani. Miwani na simuleta, kwa hiyo, ni ndugu wa tangu zamani. Kilichowatenganisha kwa miongo mingi ni bei.

Upande wa nyumbani, Bruce Artwick, mhitimu wa Chuo Kikuu cha Illinois, aliuza programu ya kwanza ya kuigiza urukaji kwa kompyuta ndogo kuelekea mwaka 1980, na mwaka 1982 Microsoft ikatoa ya kwake iliyotokana na kazi ya Artwick. Ardhi ilikuwa mistari michache tu na mchezaji alilazimika kuikamilisha kwa fikra zake. Mwaka 2012 kijana Palmer Luckey alichangisha fedha mtandaoni kwa ajili ya miwani aliyoiita Oculus Rift. Mwaka 2014 Facebook ikainunua kampuni yake kwa takriban dola bilioni 2. Agosti 2020 likatoka toleo jipya la Microsoft Flight Simulator, lililoifunika dunia nzima kwa picha za setilaiti na za ndege, na Desemba mwaka huo likaanza kutumika kwa miwani.

Hapo ndipo Sola ilipoingia sebuleni kwetu. Lakini tazama ilivyoingia. Picha ya ardhi ilipigwa siku moja ya msimu mmoja, na msimu huo ukabaki hapo. Majengo takriban bilioni 1.5 ya dunia hayakuchorwa na mtu. Programu ya kampuni ya Blackshark.ai ya Austria iliyatambua kutoka kwenye picha na kukisia yana umbo gani. Mashine ilikisia nyumba za Wasukuma bila kumwuliza Msukuma hata mmoja, na pale iliposhindwa kukisia ikaacha uwanja mtupu.

Kutazamwa kutoka juu

Msomaji anaweza kuona kwamba nalalamikia jambo dogo. Mchezo ni mchezo. Ningekubaliana naye kama nchi yetu isingekuwa na historia ndefu ya kutazamwa kutoka juu na watu ambao baadaye waliamua mambo ya huku chini.

Ndege zilifika Kanda ya Ziwa mapema kuliko wengi wetu tunavyodhani. Februari 1931 kampuni ya Imperial Airways ya Uingereza ilizindua safari za kila wiki kutoka London kuja Afrika, na kituo cha mwisho kilikuwa Mwanza. Babu zetu waliiona ndege ya London kabla ya kuiona barabara ya lami.

Baada ya vita, mwaka 1946, Serikali ya Uingereza ilimtuma John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, na wenzake wawili kuchunguza kama nchi yetu ingefaa kwa kilimo kikubwa cha karanga. Walifanya kazi kwa wiki tisa hivi, na sehemu kubwa ya maeneo waliiona wakiwa ndani ya ndege. Kutoka juu, Kongwa ilionekana kuwa ardhi tambarare, tupu, inayosubiri trekta. Kutoka juu huwezi kuona kwamba udongo ule hukauka ukawa mgumu kama saruji, wala kwamba mvua zake hazitabiriki. Mambo ambayo Mgogo yeyote angeyaeleza chini ya mti kwa nusu saa. Mradi ulipangiwa zaidi ya ekari milioni 3. Mwaka 1951 uliachwa, baada ya kuteketeza takriban pauni milioni 36 za Waingereza.

Kisha ikaja Serengeti, jirani yetu. Kati ya mwaka 1957 na 1959 Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, Wajerumani, waliruka juu ya mbuga hiyo kwa ndege ndogo iliyopakwa milia ya pundamilia wakihesabu wanyama. Michael alikufa Januari 1959 ndege yake ilipogongana na tai. Filamu yao kuhusu Serengeti ilipata tuzo ya Oscar, na dunia ikaijua mbuga yetu. Siudharau mchango huo; kazi yao ya kuhesabu kutoka angani ilifungua njia, na Michael aliulipia kwa maisha yake. Lakini picha iliyobaki katika vichwa vya watu wa mbali ni ya nyika isiyo na watu, ilhali katika miaka hiyohiyo Wamaasai walikuwa wakitakiwa kuhama upande wa magharibi ili mipaka mipya ya hifadhi ikamilike. Ukiitazama nchi kutoka futi elfu kadhaa, mwenye nchi huwa kitu kidogo sana.

Ndiyo maana swali la mama halikunichekesha. Ng'ombe kutowekwa kwenye picha ya Usukuma si jambo geni.

Kilichoachwa kinapoua

Sasa nije kwenye mfano mzito zaidi, unaohusu simuleta za wataalamu zenyewe. Tarehe 10 Machi 2019, ndege ya Ethiopian Airlines namba 302 ilianguka dakika sita baada ya kuruka kutoka Addis Ababa kwenda Nairobi. Watu 157 walikufa, wengi kuliko wa taifa lingine lolote wakiwa Wakenya. Ilikuwa Boeing 737 MAX 8, aina ileile iliyoanguka Indonesia tarehe 29 Oktoba 2018 na kuua watu 189.

Ndege hiyo ilikuwa na mfumo wa kompyuta uitwao MCAS. Ulipopokea taarifa potofu kutoka kwenye kihisio kimoja kwamba pua ya ndege imeinuka mno, uliishusha pua, na rubani alipoinyanyua uliishusha tena. Kabla ya ajali ya kwanza, marubani hawakuelezwa kuwepo kwa mfumo huo katika vitabu vyao vya mafunzo. Boeing ilisisitiza kwamba rubani aliyezoea 737 za awali hakuhitaji simuleta ili kuirusha MAX. Somo fupi la kompyuta lingetosha. Sababu yake ilikuwa ya kibiashara. Uchunguzi wa Baraza la Wawakilishi la Marekani, uliotolewa Septemba 2020, ulionyesha kwamba Boeing iliahidi kulipunguzia shirika la Southwest dola milioni 1 kwa kila ndege iwapo mafunzo ya simuleta yangelazimika. Zaidi ya hayo, Mei 2019 kampuni ilikiri kwamba programu ya simuleta ya MAX nayo ilikuwa na kasoro na haikuweza kuigiza baadhi ya hali za hatari angani.

Tafakari maana yake, ndugu msomaji. Hata rubani ambaye angeketi kwenye simuleta ya mamilioni ya dola asingekutana humo na ugumu kamili uliowakabili wale waliokuwa juu ya Ethiopia, kwa sababu kuna mtu, mahali fulani, hakuuweka. Ndege hizo zilirudi angani tu baada ya mfumo kurekebishwa na mafunzo ya simuleta kufanywa ya lazima. Shirika letu la Air Tanzania lilipokea 737 MAX 9 Oktoba 2023, kwa hiyo funzo hili linatuhusu moja kwa moja.

Shule tuliyoipoteza

Afrika Mashariki iliwahi kulielewa jambo hili. Mwaka 1971, chini ya Jumuiya ya zamani, ilianzishwa shule ya urubani Soroti, Uganda, ili vijana wa Tanzania, Kenya na Uganda wafundishwe pamoja, katika anga lao, na mvua zao na joto lao. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika. Shirika la East African Airways likafa, Air Tanzania ikazaliwa mwezi Machi mwaka huo, na Soroti ikabaki upande wa Uganda. Tuligawana ndege na madeni. Elimu ya pamoja haikupata mlezi.

Tangu mwaka 2016 tumenunua ndege mpya, nami ni miongoni mwa wanaojivunia. Lakini kwa miaka mingi marubani wetu wamelazimika kusafiri nje kwa mafunzo ya simuleta, na kijana wa kawaida anayeutamani urubani huanza kwa kuulizia ada za shule za nje. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kimekuwa kikijenga uwezo wa kufundisha urubani hapa nchini, na juhudi hizo zinastahili kuungwa mkono kwa bajeti, kwa kuwa pengo hilo ndilo linaloifanya miwani ya sebuleni ionekane kuwa shule.

Je, miwani inafundisha? Inafundisha. Kwa kuwa kila jicho huona picha yake, mtu hupata kina ambacho kioo cha kompyuta hakimpi. Anapogeuka kuelekea uwanja wa kutua hutazama juu ya bega lake kama rubani wa kweli, na kukadiria umbali. Mpangilio wa vipimo, hatua za ukaguzi kabla ya kuruka, namna upepo wa pembeni unavyomsukuma. Yote haya kijana wangu anayajua. Aprili 2021 mamlaka ya usalama wa anga ya Ulaya iliidhinisha simuleta ya kwanza ya mafunzo inayotumia miwani, ya helikopta ya Robinson R22, iliyotengenezwa Uswisi. Miwani si mchezo wa watoto tena.

Lakini simuleta ile ya Uswisi ina jukwaa linalotikisika, ina vidhibiti halisi na ina mwalimu. Ya sebuleni haina. Mvaaji haoni mikono yake mwenyewe. Hupapasa kijiti kwa kukisia. Kiti chake hakimwambii kwamba ndege inateleza. Tumbo humchafuka kwa sababu macho yanasema anageuka na sikio linasema ameketi. Hali ya hewa anayoiona juu ya Ziwa Viktoria ni ya makadirio ya kompyuta, katika eneo ambalo vituo vya kupima hali ya hewa ni vichache na dhoruba za radi ni miongoni mwa kali zaidi duniani. Sisi wa Kanda ya Ziwa hatujaisahau asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilipotumbukia ziwani karibu na uwanja wa Bukoba, hali ya hewa ikiwa mbaya, na ndugu zetu 19 wakapotea. Sisemi hili kutoa hukumu juu ya ajali ile. Nasema tu kwamba ziwa lile si picha.

Kwa viwango vya kimataifa, leseni ya rubani binafsi huhitaji angalau saa 40 za kuruka, na ya rubani wa biashara saa 200, au 150 kwa kozi iliyoidhinishwa. Saa za sebuleni hazihesabiwi hata moja.

Nani ataweka ng'ombe?

Agosti 2020 wachezaji waliokuwa wakiruka juu ya Melbourne, Australia, walikuta mnara mwembamba wa ajabu wa ghorofa 212 katikati ya nyumba za kawaida. Chanzo chake kilikuwa kosa la kuandika. Mtu mmoja aliyekuwa akijaza taarifa kwenye OpenStreetMap, ramani huria ambayo yeyote anaweza kuichangia, aliandika ghorofa 212 badala ya 2, na programu ikamwamini.

Watu walicheka. Mimi naona habari njema. Ikiwa kosa la mtu mmoja liliweza kuinua mnara mbele ya macho ya dunia, basi ukweli ulioandikwa na mtu mmoja unaweza kuinua kijiji. Na Watanzania wameshaanza. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, uliwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi kuchora mitaa ya Dar es Salaam inayokumbwa na mafuriko. Mwaka huohuo kundi la Crowd2Map lilianza kuweka vijiji vyetu kwenye ramani hiyohiyo, ikiwamo mkoani Mara, ili wasichana wanaokimbia ukeketaji waweze kufikiwa. Hawa hawakuwa wakitengeneza mchezo. Walikuwa wakijibu swali la mama kabla hajaliuliza.

Kikao cha ukoo kilikaa Jumamosi ya kwanza ya Januari, chini ya mwembe. Nilisema mambo matatu. Kwanza, ng'ombe wasiuzwe mwaka huu. Kijana amalize ufundi wake wa umeme, kwa sababu ndege ya leo ni umeme na kompyuta kuliko kitu kingine, na fundi wa ndege hula mkate uleule wa rubani. Pili, tuchange fedha kiasi ili aruke saa moja ya majaribio pamoja na mwalimu, katika ndege halisi. Baada ya hapo atuambie kama bado anaona nusu ya kazi imekwisha. Tatu, kompyuta anayoitumia kuruka aitumie pia kuiweka Sola kwenye ramani: njia za ng'ombe, visima, zahanati, shule, nyumba ya bibi yake.

Hakufurahi. Alinyamaza siku mbili, na sikumlaumu. Aliyewahi kuwa na umri wa miaka ishirini anaelewa. Siku ya tatu nilimkuta na bibi yake chini ya mwembe, kompyuta magotini. Alikuwa akimwuliza majina ya vijito vyote kati ya Sola na bwawani, na mama, ambaye hajawahi kupanda ndege, alikuwa akimtajia kimoja baada ya kingine bila kukosea.